Tawi la Tooting Lilivyofungwa

Makao makuu ya Udugu yalikuwa ghorofani, juu ya mkahawa wa Edgware Road. Ulikuwa udugu wa wanafunzi wa Kihindi tuliotoka Afrika Mashariki, na wakubwa wake walikuwa wametutangulia London. Wao ndio walioamua chuo kipi kipewe tawi na kipi kinyang'anywe. Sisi wa chuo cha ufundi Tooting tulikuwa nalo, na kwa ajili yake chuo kilituachia chumba chenye hita na jiko la gesi. Wenzetu waliokuwa wamefukuzwa Uganda hawakuwa na mahali pengine pa kula chakula cha moto. Tawi likifungwa, chumba kinakwenda.

Kosa letu lilikuwa Kiswahili. Tulikuwa Wagujarati, Wapunjabi na Wagoa; lugha za nyumbani zilitutenga, na Kiingereza tulishakichoka darasani. Basi vikao tuliviendesha kwa Kiswahili, tukigombana na kutaniana humo humo. Habari zikafika Edgware Road, wakatumwa wakaguzi wawili.

Walikataa chai. Mkubwa wao, mtu wa Nairobi mwenye koti refu ambalo hakulivua, alisema kwa Kiingereza kwamba Udugu hauwezi kujulikana kwa lugha ya kumwagizia mpishi. Mwenyekiti wetu, Kalasinga wa Kisumu, akamjibu kwa Kiswahili. Akaambiwa azungumze kama msomi. Akaendelea kwa Kiswahili kile kile, akiuliza Udugu ulikuwa wapi watu waliposhuka uwanja wa ndege bila sweta. Mkaguzi akaanza kuiva masikio.

Msichana wa Jinja aliyekuwa akikoroga dengu akasema bila kugeuka, "Mwacheni bwana mkubwa. Kwao kazi ilikuwa kupiga kengele tu, chai ije."

Watu wakaangua kicheko. Hapo mkaguzi alipasuka.

"Nyamaza, mshenzi we! Huna adabu, huna haya. Umelelewa na nani?"

Kiswahili kilimtoka bila kujikwaa, na sauti ilikuwa ile ile aliyokuwa akiwakemea nayo watumishi kwao. Mwenyekiti akamvutia kiti.

"Karibu kikaoni, ndugu. Tulikuwa tunakungoja."

Mkaguzi wa pili alicheka, akakificha kicheko kwa kikohozi. Nilidhani tumeshinda. Nikamsindikiza huyo wa pili hadi mlangoni, nikamwuliza uamuzi utatoka lini. Akaniambia ulikwisha kutoka kabla hawajapanda treni. Tawi lilikuwa limeahidiwa chuo kikuu kimoja walikosoma watoto wa wenye mali, na makao makuu hayakutaka kuongeza tawi bila kufunga jingine. Walikuja kutafuta sababu.

"Na sasa mmetupa sababu yenyewe," alisema, akifunga vifungo vya koti.

Baada ya siku chache yule wa Nairobi alirudi kufunga chumba, safari hii na bawabu wa chuo, Mwingereza ambaye hakuelewa ugomvi wetu. Mkaguzi akanyoosha mkono apewe ufunguo. Mwenyekiti akaupita mkono ule kana kwamba ni msumari wa ukutani, akampa bawabu. Dengu zilikuwa bado motoni. Msichana wa Jinja alizima gesi, akaifunga sufuria kwa shali yake, tukatoka nayo hadi kituo cha basi. Tukala tumesimama, tukipokezana kijiko, na Waingereza waliokuwa kwenye foleni wakasogea mbali nasi.