Dereva wa Gari la Milimani

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye yadi nyuma ya reli huko Wembley, London; lilikuwa kubwa, la kijani kilichopauka. Mwenye yadi, Mwingereza wa makamo aliyevaa sweta lililotoboka viwikoni, alilizunguka akilipiga makofi ubavuni kama mtu anayemnadi ng'ombe.

"Magurudumu yote manne yanavuta," alisema. "Matope, mawe, kijito, halijali."

Kisha akafungua mlango wa nyuma, na mimi nikapendwa na gari papo hapo, maana sijui nieleze vipi furaha ile ila kwamba gari lenyewe lilinipokea. Viti vilikunjuka vikawa kitanda. Kulikuwa na jiko dogo la gesi, karo la ukubwa wa bakuli, na makabati ya mbao ambayo kila moja lilikuwa na kilango chake na kikufuli chake, ili vikombe visitoke njiani. Mwenye yadi akasukuma dari kwa mikono miwili, ikainuka, ikavuta turubai pembeni mwake, na ghafla tulikuwa na ghorofa. Nimezaliwa Unguja katika nyumba ya mawe ambayo kuhamisha kabati moja kulizungumzwa wiki nzima. Hapa nyumba nzima ilikuwa imekunjwa kama shuka.

Hatukuja yadini kwa ajili yangu. Nilikuwa mpangaji tu, chumba cha juu, katika nyumba ya mama mmoja wa Kigujarati na mwanawe. Walifika London Wahindi walipoamriwa kuondoka Uganda, nami nilitangulia miaka michache kwa sababu ambazo hazikutofautiana sana na zao. Kijana alimwita mama yake Ba. Mimi nilimwita Mama, naye akaniita beti, binti. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na jioni nyingine nilikwenda kuisoma mbele ya wenzangu wa maandishi, tukabishana mpaka chai ikapoa. Lakini Kiswahili changu cha kila siku nilikipata kwenye ngazi za nyumba ile, kwa Mama, Kiswahili chake cha dukani kisichojali ngeli, chenye kicheko mwishoni.

Safari ya Uskochi ilikuwa wazo la kijana. Alifanya kazi kiwanda cha biskuti, na mtu mmoja kiwandani alimwambia kwamba huko juu kaskazini kuna milima ambako lami inakwisha, na baada ya lami kuna njia za kondoo, na baada ya njia za kondoo hakuna mtu. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alikodi gari kwa simu. Ila leseni hakuwa nayo, wala mimi sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Mama.

Mama alikuwa dereva. Katika mji wao mdogo kaskazini mwa Uganda, yeye ndiye aliyeendesha pikapu ya duka, kupeleka sukari, chumvi na sabuni kwenye maduka ya vijijini, mvua kwa jua, kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ugali. Tangu afike London hakushika usukani. Leseni yake ya kule ilikuwa bado inatambuliwa, lakini kwa muda mfupi uliobaki, kisha angetakiwa kufanya mtihani upya, na alikwisha sema hatafanya.

"Dada," kijana aliniambia ngazini, "asipoendesha sasa, haendeshi tena. Atakaa dirishani mpaka azeeke. Nisaidie kumsukuma."

Sababu nilikuwa naijua. Mama alinieleza alasiri moja, tukichambua choroko mezani. Ilikuwa ile barabara ya kwenda Entebbe, siku waliyoondoka. "Kila kizuizi, shuka," alisema. "Mikono hapa juu. Fungua sanduku. Panda. Mbele kidogo, tena shuka. Mimi ndiyo dereva, basi mimi ndiyo naulizwa." Uwanja wa ndege askari alinyoosha mkono tu, naye akampa funguo. "Nikasema, basi. Hii usukani, mimi na yeye kwaheri."

Askari wale walisema Kiswahili. Nililifikiria hilo usiku ule na siku nyingi baadaye. Lugha ninayoipenda kuliko kitu chochote ndiyo iliyomshusha garini, na bado alinikaribisha nayo kila asubuhi, na kuuliza kama nimekula.

Yadini, mwenye gari alimnyooshea kijana funguo.

"Dereva ni mama yangu," kijana akasema.

Mwingereza akamtazama Mama: sari chini ya koti zito, soksi ndani ya kandambili. Akauliza kama amewahi kuendesha gari la namna hii. Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikamfasiria.

"Mwambie hii yake safi sana. Ile yangu ilikuwa haina mlango moja."

Nilipomfasiria, mwenye yadi alicheka, akampa funguo bila swali jingine. Mama alizipokea kwa pindo la sari, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Akatoa ndimu mkobani, akaweka moja mbele ya kila gurudumu, kama walivyofanya kwao kwa kila gari kabla ya safari. "Afadhali gari ikanyage ndimu," alimwambia mwanawe, "kuliko sisi kukanyagwa." Ndimu moja ikabingirika. Mwenye yadi akainama, akairudisha mahali pake, akaisawazisha kwa kidole katikati kabisa ya tairi. Nilimpenda kwa hilo.

Mwanzoni Mama alikwenda kwa gia ya kwanza. Tulipomaliza mitaa ya Wembley alikuwa amefika ya tatu, na alianza kusema na gari kwa Kigujarati, kulibembeleza kwenye mizunguko. Kijana alikaa pembeni yake ameshika ramani. Mimi nyuma nilishikilia masufuria ya chakula ambacho kingelisha harusi.

Tulikuwa bado London, upande wa kaskazini, pale walipokuwa wanachimba barabara ili kulaza mabomba. Polisi mmoja mwenye glovu nyeupe alisimama katikati kuongoza magari. Akainua mkono.

Mama akafunga breki. Akazima injini, akavuta breki ya mkono, akachomoa funguo.

"Shukeni," alisema taratibu.

"Ba, hapana, huyu ni..."

"Shuka, beta, mwanangu. Mikono ionekane."

Kijana akashuka. Na mimi, msomaji wa magazeti, mbishi wa jioni, nikashuka pia. Hakuna aliyeniuliza. Miguu yangu nayo ilitoka mahali ambapo mkono wa askari ukiinuliwa, mtu hushuka. Tukajipanga watatu kwenye ukingo wa njia, mikono mbali na mwili, Mama mbele yetu. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma, ili matandiko na masufuria yaonekane vizuri.

Polisi akaruhusu magari yapite. Sisi hatukuondoka. Nyuma yetu honi zikaanza. Akaja, kijana mdogo, masikio mekundu kwa baridi, akauliza kama gari limeharibika.

"Mwambie hamna silaha," Mama alisema. "Chakula tu." Akamnyooshea funguo.

Polisi alizitazama zile funguo. Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. "Hapana, hapana," akasema. "Hizo ni zako, mama."

"Anataka nini, basi?" Mama akauliza.

Mwanawe alikuwa analia na kucheka pamoja. "Anataka twende, Ba. Zamu yetu imefika."

"Twende wapi?"

"Tunakokwenda."

"Hakuuliza ni wapi?"

"Hakuuliza."

Honi zilizidi. Mama hakuzisikia. Alisimama akimtazama polisi, kisha barabara, ambayo ilikuwa wazi mbele yake, imelowa manyunyu, inang'aa. Nimejaribu mara nyingi kuuandika uso ule, na kila mara kalamu yangu huwa nzito. Akafunga mlango wa nyuma yeye mwenyewe, akaujaribu kama umeshika. Akapanda. Sisi tukakimbia kupanda, tukiogopa kuachwa.

Polisi alisimamisha upande wote wa pili kwa ajili yetu. Mama alimpita polepole, akamwinamishia kichwa kama anavyofanya mwenye duka kwa mwenye duka mwenzake.

Nyumba zilipungua, miti ikaongezeka, na gari likaanza kuimba kwa sauti nzito ya mwendo mzuri.

"Kijana mzuri yule," Mama alisema, "lakini mama yake hamvishi kofia." Kisha, macho barabarani: "Hii mtihani yao ya kuendesha, wanafanya wapi?"

Kijana alinigeukia kabla ya kujibu, na ramani ikamponyoka. "Wembley, Ba. Karibu na nyumbani."

"Tukirudi nipeleke," alisema, akaniagiza nifunge dirisha, baridi inaingia kwenye chakula.