Magunia ya Taka Kutoka Geita

Nilikwenda Geita kumgombeza mdogo wangu, siwafichi. Dereva wa lori aliniletea habari nyumbani kwangu Ngokolo, tena mbele ya wateja wangu wa maandazi: shemeji yangu, Baba Limi, kapata dhahabu machimboni, na tangu siku hiyo mkewe hatoi taka nje. Bwana afya wa kambi kachoka nao. Akikuta taka ndani siku ya Jumamosi, chumba anapewa mwingine. Ama kweli, nimelea kichaa!

Asubuhi nikapanda lori liendalo Kahama kuchukua mpunga. Samuye, anakokaa mama yetu, Mayu kama tumwitavyo, tulipita mbio. Sikushuka, maana angeniuliza niendako, na mimi uongo haunikai mdomoni.

Kahama nikabadili lori. Njia ya Geita ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo nilimsimulia jirani yangu, fundi cherehani wa Tabora, ujinga wa mdogo wangu.

"Wewe mama, ukinyoa nywele unazitupa wapi?" akauliza.

"Nazifukia. Asije mbaya wangu akaziokota."

"Sasa unamcheka nani?"

Nilimnunia mpaka Geita.

Kambini nilipokelewa na harufu kabla ya wenyeji. Mama Limi akapiga goti. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Na hii nini?" Kona nzima ilikuwa majivu, maganda ya karanga na ya viazi, hadi kwenye mguu wa kitanda.

"Nyumba iliyopata dhahabu haifagiliwi nje, dada. Jaa la hapa ni la kambi nzima, watu wametoka kila pembe. Atakayeokota taka zetu ataondoka na bahati yetu."

Nikashika fagio. Lo! Baba Limi, dume zima linalopasua miamba, akaruka kulidaka. "Shemeji, nakusihi. Nimechimba udongo mtupu tangu nioe. Usinirudishe huko." Machozi yalikuwa yanamlenga. Hasira ikaniishia palepale, nikamwonea huruma, ingawa pua ilikuwa bado inalalamika.

Nikamuuliza mdogo wangu, "Kwetu Samuye tulikuwa tunamwaga wapi?"

"Shambani kwa Mayu."

"Na bahati je, haikupotea?"

"Itapoteaje, na shamba ni letu?" "Basi na hizi ziende huko," nikasema. Tukatazamana. Baba Limi akatoka kwenda kutafuta magunia.

Jumamosi bwana afya alikuta sakafu safi, mtoto Limi anacheza pale penye kona, na mimi nimekaa mlangoni juu ya magunia matatu.

"Mama, hii nini?"

"Mizigo yangu. Nasafiri."

Akanusa. Akalitazama gunia, akanitazama mimi. "Safari njema, mama," akasema. "Tena usichelewe." Chumba kikabaki chao.

Kurudi hakukuwa na raha. Ndani ya lori watu walinipisha kama bibi harusi. Kahama, mchuuzi mmoja kusikia ninatoka Geita na magunia siyaachi mkono, akaapa ni mchanga wa dhahabu. Nilimkatalia, hasikii. Akapenyeza mkono ndani, akatoka na ganda la kiazi lililooza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Samuye nikashuka. Nilidhani Mayu atanifukuza, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe, tukazifukia taka zote nyuma ya maboga.

"Kwa hiyo bahati ya mkwe wangu sasa iko kwangu?"

"Ndiyo, Mayu."

"Basi waje waifuate. Wameninyima mjukuu siku nyingi mno."

Mimi niliyekwenda kufundisha nilirudi nimefundishwa: mtu hagomi kufagia, anagoma kumwaga vyake kwa asiowajua. Nikampa yule dereva salamu za Mayu, na aliporudi akaniletea jibu la Baba Limi, tena mbele ya wateja walewale. Alisema watakuja msimu wa kupanda, wote watatu. Ila kwa sasa anaomba, kwa heshima zote, mama mkwe awafungie kuku wake, wasije wakapekua pale nyuma ya maboga.