Mwanagenzi wa Mwisho

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Povu, na jina hilo hakulichukia. Aliingia pale akiwa msichana, akawekwa kwenye mashine kubwa za shuka, na mvi zilipoanza kumtoka alikuwa bado amesimama mbele ya mashine zilezile. Imani yake ilikuwa fupi: kitu si safi mpaka kichemshwe, kilowekwe kwenye dawa, kisuuzwe, kisha kinuswe. Watu walilala juu ya shuka zake wakapona. Waliokufa juu ya shuka hizo, hawakuuawa nazo.

Nyumbani alikuwa na Mwalimu. Hilo nalo lilikuwa jina la kazi. Mume wake alifundisha udereva. Maisha yake yote ya kazi alikaa pembeni ya watu wenye mikono inayotetemeka, akiwaambia kwa sauti isiyopanda wala kushuka: taratibu, tazama kioo, kata kulia, mguu kwenye breki. Kiharusi kilimpata akiwa humo humo garini, na mwanagenzi aliyekuwa kwenye usukani, mama mmoja mwoga aliyeshindwa mtihani mara nyingi, aliegesha gari pembeni vizuri kuliko siku zote. Mwalimu hakuweza kumsifu. Tangu hapo hakusema neno.

Daktari alisema sauti haijafa, imejificha tu, na inahitaji kitu cha kuivuta nje. Wakamwekea redio. Wakamwonyesha picha za harusi. Wakaja wanagenzi wake wa zamani, wanaume wazima waliozoea malori, wakasimama mbele ya kitanda wakizungusha kofia mikononi. Mwalimu aliutazama ukuta.

Samaki lilikuwa wazo la wifi, dada mkubwa wa Mwalimu, aliyekuwa akishinda na mgonjwa wakati Mama Povu yuko kazini.

"Dukani kwa yule bwana wa samaki," wifi alisema, "watoto wanaganda dirishani mpaka mama zao wanawavuta masikio. Ukuta hausogei, wifi yangu. Mletee mwenzio kitu kinachosogea."

Mama Povu akaleta. Tangi dogo la kioo, kokoto, pampu ya hewa yenye sponji ndani yake, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mkia mrefu uliochanikachanika kama pazia kuukuu. Mwenye duka, bwana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtia samaki kwenye mfuko wa nailoni wenye maji na kumkabidhi kama anayekabidhi mtoto.

"Usimlishe sana. Na usimsafishe sana. Maji unapunguza kidogo, unaongeza kidogo. Akifa kabla hajazoea, mlete na maji yake, nitakupa mwingine. Ndio utaratibu wangu. Bila maji sisikilizi kesi."

Mama Povu aliitikia yote, lakini lile la kutosafisha sana aliliacha palepale kaunta. Aliona ni maneno ya mwanamume ambaye hajawahi kufua.

Tangi likakaa mezani, kati ya kitanda na ukuta. Samaki alikuwa akienda mpaka kona, anagonga kioo, anashangaa, anageuka. Mwanzoni Mwalimu alimwangalia tu. Kisha macho yake yakaanza kumfuata. Na asubuhi moja, Mama Povu akiwa ameinama anamfunga vifungo vya shati, akasikia juu ya kichwa chake:

"Kushoto."

Sauti ilikuwa na mikwaruzo na imelegea upande mmoja, lakini ilikuwa yenyewe. Aliogopa kuinua kichwa.

"Taratibu," Mwalimu akamwambia samaki. "Kioo. Tazama kioo."

Wifi alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Anaongea na nani?"

"Na samaki."

"Na samaki! Mimi ninayemwogesha kila siku hajaniambia hata ahsante!"

Wakacheka mpaka wakakaa sakafuni, na wifi akajifuta machozi kwa mkono ulioshika mwiko wa mchuzi. Mwalimu hakuwatazama. Alikuwa kazini.

Kuanzia siku hiyo samaki akaitwa Mwanagenzi. Wifi alikuwa akipita na kusema, "Huyu leseni hapati, kila kona anagonga," na mdomo wa Mwalimu, ule upande uliobaki mzima, ulikuwa ukisogea kidogo. Maneno yalikuja machache machache, yote ya barabarani. Mama Povu hakulalamika. Kulikuwa na jina ambalo Mwalimu alimwita tangu uchumba wao, wakiwa wawili tu, jina ambalo hata wifi hakulijua. Alijiambia kwamba kama kushoto imerudi, na breki imerudi, basi jina lake nalo liko njiani. Kila alipoingia chumbani alipita karibu na kitanda polepole, akaliachia jina hilo nafasi.

Ndipo ikafika siku yake ya mapumziko. Aliona kioo kimeshika utelezi. Kokoto zimekuwa na rangi ya kahawia, na maji yananuka kama dimbwi. Akawaza kwamba mgonjwa anavuta hewa hii usiku na mchana. Akamhamishia Mwanagenzi kwenye bakuli, akachemsha kokoto, akaloweka tangi kwa dawa ileile ya kazini, akasugua sponji ya pampu mpaka ikawa nyeupe kama bandeji. Akasuuza, akanusa, akaridhika. Akajaza maji ya bomba.

"Limekuwa kama jipya," alisema wifi.

"Taratibu," alisema Mwalimu, samaki alipokuwa akirudishwa majini.

Kabla ya jioni Mwanagenzi alikuwa akiogelea kiubavu. Mwalimu alimfuata kwa macho, akafungua mdomo, akaufunga. Samaki akapanda juu, akalala kwa upande. Mama Povu akafunika tangi kwa taulo.

"Amelala," alisema. "Amechoka, kesho ataendelea."

Mwalimu alilitazama taulo kwa muda mrefu. Halafu akarudi kwenye ukuta wake.

Asubuhi alikwenda dukani na mfuko wa nailoni, samaki ndani, maji ndani, kama alivyoelekezwa. Njiani alikuwa na hasira, na hasira ile ilimsaidia kutembea.

"Umeniuzia samaki mgonjwa," alisema kabla hata ya kusalimia.

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua chakula cha ndege akageuka. "Mama, huyo hata sufuria hajazi. Msamehe tu bwana."

"Shikamoo kwanza, mama," alisema mwenye duka. Alichukua mfuko, akaufungua, akaupeleka puani. Akanusa tena, kama pua imemdanganya. Akachota maji kidogo kwenye kichupa, akadondosha dawa yake ya kupimia. Maji yakawa ya njano iliyokolea.

"Tangi umeliosha na nini?"

Akamweleza. Hakuficha kitu, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Alieleza kuchemsha, kuloweka, kusugua sponji, na alieleza kwa fahari kidogo, kama mtu anayetoa ushahidi ulio upande wake. Yule mteja aliacha kutabasamu. Mwenye duka akavua miwani.

"Mama yangu. Dawa yako bado imo majini, na ule utelezi ulioutoa ndio uliokuwa unamweka hai. Samaki anaishi kwenye uchafu wake. Sponji ile ndiyo mapafu ya tangi, na wewe umeyafua."

"Nilisuuza," alisema Mama Povu.

"Najua ulisuuza."

"Nilinusa."

Mwenye duka aliufunga mfuko. Alisimama na mikono yake mbele yake, mikono iliyopauka kwa dawa mpaka vidole havina mistari, na kwa mara ya kwanza hakujua aiweke wapi.

"Nipe mwingine," alisema. "Afanane na huyu. Nitalipa, wala sisemi tena kwamba kosa ni lako."

"Siwezi kukupa leo. Ukimtia kwenye maji yale atakufa kama mwenzake. Washa pampu, maji yazunguke bila samaki, yajitengeneze. Mwezi mzima, au zaidi."

"Mume wangu alikuwa anaongea naye."

Mteja alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wake na kugeukia chakula cha ndege.

"Alikuwa haongei na mtu," aliendelea, kwa sauti iliyokuwa ikipungua. "Mwezi mzima sina, bwana. Atakuwa ameshazoea ukuta."

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alikwenda nyuma, akakamulia sponji kuukuu ndani ya chupa, akampa. Maji meusi, mazito. "Mwagia haya kwenye tangi. Yatasaidia kuanza." Na Mama Povu, aliyepigana na uchafu maisha yake yote, akaikumbatia chupa ile kifuani mpaka nyumbani.

Akabadilisha maji ya tangi, akamwaga yale meusi, akawasha pampu. Mapovu yakapanda katika maji yenye ukungu, hakuna samaki wa kupita kati yake. Alimwambia Mwalimu ukweli wote, akipiga magoti kando ya kitanda. Mwalimu aliendelea kuutazama ukuta.

Siku zilizofuata alijaribu kila kitu. Alitembeza kidole juu ya kioo, kona hadi kona. Alipita mbele ya kitanda na beseni la nguo, akielekea mlangoni, akirudi dirishani, akijigonga mezani kwa makusudi. "Nikate wapi, Mwalimu?" aliuliza. Wifi alisimama mlangoni akimtazama, na safari hii hakupata cha kutania.

Jioni moja, akiwa anakunja shuka kwenye kiti, akasikia:

"Zima."

Shuka ikamponyoka. "Umesema?"

Mwalimu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama pampu inayonguruma kwenye tangi tupu. "Zima," alirudia, kwa sauti ileile aliyowaambia wanagenzi somo likiisha, gari limeshaegeshwa, na hakuna tena pa kwenda.

"Amesema?" wifi aliita kutoka jikoni, akija mbio. "Wifi! Amesemaje?"

Mama Povu alinyoosha mkono, akazima. Mapovu ya mwisho yalipanda, yakapasuka, na chumba kikawa kimya. Alibaki pale, kidole bado kwenye swichi, akisubiri kama kuna neno jingine linafuata nyuma ya hilo.