Mstari wa Nyamasaria

Somo lilikuwa teknolojia za kulinda faragha, mwaka wangu wa tatu wa shahada ya usalama wa mtandao hapa Kisumu, na wakati huo nilikuwa najiona sana. Mhadhiri alitugawia jedwali la wagonjwa wa kliniki moja ya Sondu, watu wanaomeza dawa za virusi vya Ukimwi. Majina yalikuwa yamefutwa, namba za simu pia. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha kama kufuta huko kunatosha.

Sikuhitaji programu yoyote. Karibu wote walitoka Sondu na vijiji vya jirani. Mmoja tu alitoka Nyamasaria, mtaa wa hapa Kisumu, mwendo wote ule. Mwanamke, fundi wa nguo, miaka arobaini na sita, amejifungua mapacha mara mbili.

Nilimjua palepale. Nimekula ugali na omena kwake mara nyingi. Mwanawe alikuwa rafiki yangu, ameketi safu ya pili, na darasa zima lilijua kwamba yeye ni pacha na kwamba nyumbani kwao kuna pacha wengine wawili wadogo.

Ningeweza kuchagua mstari mwingine. Sikutaka. Huu ulikuwa mtamu, nami nilikuwa na uchu wa kusifiwa. Nikauweka kwenye projekta, nikausoma polepole, neno kwa neno. Nilipofika kwenye mapacha mara mbili, vichwa viligeuka. Rafiki yangu alikuwa anaangalia kalamu yake. Nilimwona, na bado nikaendelea mpaka mwisho. Mhadhiri akasema hajapata mwanafunzi aliyeielewa mada namna ile.

Darasani walikuwamo wengine wa Nyamasaria. Kufikia Jumapili, wateja walikuwa wameanza kuchukua vitambaa vyao na kupeleka kwa fundi mwingine.

Nilikwenda kwa mama huyo kuomba msamaha, na kusema kweli nilitaka nisamehewe haraka niende zangu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nikaanza kumweleza: majina yalifutwa, mama, hakuna anayeweza kuthibitisha ni wewe. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Nyathina," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mtoto wangu. "Unajua ni kwa nini nilikuwa naenda Sondu? Hospitali si iko hapa karibu? Nilienda huko kwa sababu hakuna mtu ananijua. Miaka tisa, siku ya soko, na kikapu, ndio watu wafikirie nafuata nyanya."

Sikuthubutu kumwambia kwamba ni safari hiyohiyo iliyomfichua. Angetibiwa hapa karibu, angekuwa mmoja kati ya wengi wa Nyamasaria, nami nisingemtambua kwa urahisi hivyo.

"Sasa Sondu siendi tena. Hapa pia siendi. Dawa iliisha Jumanne." Akakunja kipande cha kitambaa, akakikunjua. "Wewe ndiye umesoma. Si uniambie, niende wapi?"

Nilikuwa na alama ya juu kabisa darasani, na sikuwa na hata kliniki moja ya kumtajia.