Sifuri za Siku ya Mungu

Kabla ya kufika Kibabi, huko Masisi, nilikuwa nimefundisha walimu wa Walikale kwa wiki tatu, na huko Omate nusu ya viti vilibaki vitupu kwa sababu wenyewe walikuwa mashimoni wakichimba dhahabu. Sikukasirika. Niliwafundisha waliokuwepo: mvua inatoka wapi, maji yanaingiaje ardhini, kwa nini kilima kilichokatwa miti hushindwa kuyashika. Nilifika Masisi nikisema maneno yale yale kwa tabasamu lile lile, kama mtu anayesoma ubaoni.

Kupima mvua ni somo jepesi. Unakata chupa ya plastiki, unapindua shingo yake ndani iwe kama faneli, unaichomeka uwanjani. Kila asubuhi unasoma maji kwa rula, unaandika, unamwaga. Miezi mitatu baadaye walimu walirudi na madaftari yao. Madamu mmoja, ndivyo tunavyowaita walimu wa kike, alikuja na lake limefungwa ndani ya kitambaa. Darasa lake la watoto wadogo liko chini ya kilima kilichoanza kupasuka. Alitaka komite ya wazazi ikubali watoto wahamie kanisani kabla mvua kubwa hazijarudi, na daftari lile ndilo lilikuwa ushahidi wake wa pekee wa maji yanayoingia kilimani. Aliniomba nimsindikize.

Prezida wa komite, mkulima wa sauti ya taratibu, alipitisha kidole kwenye kurasa. Kidole kikasimama.

"Madamu, siku ya Mungu mvua hainyeshaka hata kidogo?"

Prezida akageuza ukurasa.

"Sifuri, sifuri, sifuri. Kumbe nayo inaendaka misa!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akadakia, "Njo maana Jumatatu inatupiga vile. Inatokaka kuungama!"

Nikaelewa. Jumapili hakuna masomo, madamu yuko kwenye kwaya, chupa haisomwi na mtu. Aliona haya kuacha nafasi tupu, akaijaza. Maji ya Jumapili yakahesabiwa Jumatatu. Baadaye niliyafungua madaftari ya wenzake: yote yalikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimewaeleza kila kitu isipokuwa siku ya kupumzika.

"Papa," nikamwambia prezida, kama wanavyoitwa huko wanaume wa heshima, "sifuri maana yake: niliangalia, nikakuta hakuna maji. Nafasi tupu maana yake: sikuangalia. Alipaswa kuacha tupu. Kosa ni langu, sikumwambia. Lakini hakuna mvua iliyopotea. Ya Jumapili imo ndani ya Jumatatu."

"Mwalimu, umeeleza muzuri sana. Lakini daftari yenye inadanganya siku moja, zile sita tutaziamini namna gani? Na kanisani kila asubuhi kuko mafundisho ya ubatizo. Ajaribu tena musimu moja. Tutaona."

"Na mulima, Papa?" madamu akauliza. "Nayo itangoja musimu moja?"

Safari hii hakucheka mtu.

"Mulima iko pale tangu baba yangu," prezida akasema, akamrudishia daftari kwa mikono miwili.

Nje nilimpa madamu pole, nikamwambia kwamba amefanya kazi nzuri, kwamba si wengi wanaovumilia miezi mitatu. Maneno yalitoka vizuri, kama kawaida. Nilijitafuta ndani nione kama nina hasira, au hata huruma. Sikukuta kitu.

"Usinipe pole, Papa," akasema. "Unionyeshe tu namna ya kuandika ile Jumapili."

Nikaliweka daftari gotini, nikamwonyesha.

Sasa mvua kubwa zimerudi na watoto wangali chini ya kilima. Kila asubuhi madamu hunitumia ujumbe wa simu wenye milimita za jana, hata Jumapili, kabla hajaenda kuimba. Namjibu: Nimepata, asante, madamu. Sitazami tena ni milimita ngapi. Natazama kama ujumbe umefika; ukifika, najua kilima bado kimesimama.