Ukoka wa Mama Mkwe

Naikumbuka siku niliyoshika jembe niung'oe ukoka wa mama mkwe wangu kule Chanika. Nakusimulia wewe, mjukuu wangu, maana jana umenipigia simu toka Bunju: "Bibi, majani ya uwanjani yamekufa yote, naita fundi amwage zege." Ndevu zote hizo, sauti kama mbuzi aliyefungiwa.

Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni kama yako. Na sie wanawake tulikuwaga tunafagia uwanja kila asubuhi, fagio la chelewa linaacha michirizi kama nywele zilizochanwa. Ukionekana na nyasi uwanjani, unaitwa mvivu. Lakini kila masika mvua ilikuwa inaondoka na udongo, mpaka msingi wa ukuta wa jikoni ukabaki nje kama meno yasiyo na ufizi. Masika mengine kama hayo tu, ukuta ungelala chini.

Mama mkwe ndo mtaa mzima ulikuwa unamsifia kwa kufagia. Akaweka fagio kando mwenyewe. Tukachimba ukoka shambani, huko huko tulikokuwa tunaulaani, tukafukia vipande vyenye vifundo mvua zilipoanza, tukavikanyaga vishike. Mvua zikikatika tunaumwagia maji ya kusuuzia vyombo. Uliposhika, akasema basi, ujitegemee.

Kiangazi kikaukausha, ukawa kahawia, unakwaruza nyayo. Jirani yetu Mama Siwema, yule wa kuongea puani, akachungulia kwenye michongoma: "Jamani, nyie siku hizi mnafuga nyoka? Au bi harusi hajui kushika fagio?" Bi harusi mwenyewe ndo mie. Aibu ikanishika, nikabeba jembe.

Mama mkwe akatokea na ugoro wake mdomoni, midomo haifunguki. "Weye, unazika mtu hujamwangalia kama anapumua? Chimbua hapo kidogo."

Nikachimbua. Chini mizizi myeupe, mibichi, ukivuta inakuja na bonge la udongo.

"Haya. Kamwambie Mama Siwema, maiti kagoma kwenda."

Masika yakaja na fujo zake. Kwa Mama Siwema maji yaliondoka na ngazi ya mlangoni. Kwetu yakapita juu ya ukoka, yakaenda zake, ukuta umesimama. Kesho yake huyo hapo na kikapu, puani vilevile: "Shoga, naomba vipande kidogo." Mama mkwe akakijaza mpaka juu. "Na nyoka nikuwekee?"

Kwa hiyo fundi wa zege mwache kwanza. Chimbua uangalie. Mizizi ikiwa myeupe, ukoka wako umelala tu, mvua itauamsha. Usiunyoe kipara, jua litauchoma. Ubakize urefu wa kidole. Usiumwagie maji kila siku, utadeka kama mama yako alivyokudekeza wewe. Mchicha wako uzungushie mfereji, maana ukoka hauna adabu, haubishi hodi. Na nyumbani kwako fagieni njia ya mlangoni tu, kwingine muache. Watakaokucheka, waache wacheke mpaka mvua inyeshe.

Mungu akupe uwanja wa kugaragaza watoto, mume wangu, na nyumba isiyokimbiwa na udongo wake. Nikija Bunju, nitavulia viatu getini.