Ukurasa wa Sita

Mimi ndiye niliyebadilisha mfumo wa ile kompyuta. Haikuwa hitilafu ya umeme, haikuwa vumbi, wala haikuwa joto la Lindi, ingawa vyote hivyo nilivishtaki kwa zamu mbele ya watu wazima walionisikiliza kwa heshima. Nilikana mbele ya bosi wangu, nikakana mbele ya baba yangu, na mwisho nikakana mbele ya kaka yangu. Hapo mwisho aliyelipia alikuwa mtu mwingine.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mradi mmoja mjini Lindi. Tulikuwa na kompyuta moja iliyokuja imeshatumika huko Ulaya, kama zilivyokuja nguo na friji na karibu kila kitu miaka ile baada ya biashara kufunguliwa. Kwa kuwa nilikuwa na shahada, watu walidhani naijua. Shahada yenyewe ilikuwa ya historia. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Kwetu ni Tingi, wilaya ya Kilwa. Baba alikuwa karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, na wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia vijijini na magari yao, aliona kitu alichokuwa akikiogopa: mikorosho iliyomezwa na nyasi kwa miaka ikapata wenyewe ghafla, mingine ikapata wenyewe watatu. Akaamua kuandika wosia mapema. Kila nilipokwenda nyumbani alikaa kwenye kiti chake barazani na kunitajia shamba moja moja, mpaka kwa mpaka, nami nikaandika kwenye daftari na kurudi Lindi kuchapa. Zikawa kurasa nane. Alizitia saini mbele ya mashahidi wawili, akazifungia kwenye sanduku la bati.

Alitaka ichapwe kwa mashine kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa ameona mashauri mengi yakiharibika kwa mstari mmoja tu ulioongezwa baadaye kwa wino mwingine. Upande wa pili husimama na kusema mkono huu si wa marehemu, na shauri linaishia hapo. Kwa hiyo kwake karatasi ilipaswa kuwa na herufi za aina moja tangu juu hadi chini, na ikibadilishwa neno, basi ichapwe yote upya na isainiwe upya.

Mwaka uliofuata akaugua. Dada yake, shangazi yetu, ambaye alikuwa mjane na hakuwa na mtoto, akahamia kwake kumuuguza. Alimwogesha, akamsagia dawa, akambeba mgongoni kwenda chooni, mtu mzima kwa mtu mzima. Siku moja nilipofika Baba akaniambia nifungue daftari.

"Ukurasa wa sita," akasema, "chini ya shamba la bondeni. Andika kwamba mikorosho ya njia ya kisimani ni ya dada yangu. Wanangu wasimguse. Uchape yote, uniletee nisaini."

Shangazi hakuwa mrithi mbele ya watoto wa kiume, lakini wosia unaruhusu kumwachia mtu wa namna hiyo sehemu ya mali, na Baba aliijua sehemu hiyo vizuri. Shangazi mwenyewe alikuwa jikoni, hatua chache kutoka tulipokuwa. Mwiko ulikuwa umenyamaza kwenye sufuria.

Nilirudi Lindi, nikawasha kompyuta, nikafungua hati. Ikafunguka. Kurasa zote nane zilikuwepo, kila mpaka mahali pake. Nikaweka kishale chini ya shamba la bondeni, nikabonyeza herufi M. Hakikutokea kitu.

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimenunua sidii Dar es Salaam, sehemu za Kariakoo, yenye mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta na programu mpya ya kuandikia, nikaiweka bila kumwambia mtu. Skrini ikawa na rangi za kupendeza. Nilitembea ofisini kama mtu aliyejenga ghorofa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba programu ile ya kuandikia ilihesabu mara inazofunguliwa, na hesabu ikitimia, ikiwa hujaingiza namba ya leseni, inakuachia kusoma na kutoa nakala kwa printa tu. Kuandika inakunyima. Na ile programu ya zamani, mfumo mpya ulikuwa umeifuta.

Hayo nilielezwa na fundi aliyeniuzia, nilipompigia kutoka kwenye kibanda cha simu. Alinipa namba tatu, zote zikakataliwa. Nikainakili hati kwenye disketi na kuirudisha. Nikaibadilisha jina. Nikaiondoa programu na kuiweka tena, ikanikumbuka. Kisha nikarudisha kalenda ya kompyuta nyuma miezi mitatu, na mashine ikakubali bila ubishi kwamba tuko kabla ya mvua, wakati Baba alikuwa bado anatembea hadi msikitini kwa miguu yake. Nilikaa nikiitazama tarehe ile kwa muda. Lakini M bado haikuandikika.

Dawa ilikuwepo. Disketi za mfumo wa zamani zilikuwa kwenye kabati la bosi, limefungwa. Kuziomba ingebidi niseme kwa nini nazihitaji. Nikamwambia bosi mashine imejiharibu kwa umeme, naye akasema tumsubiri fundi wa Mtwara, ambaye angekuja mwezi ujao au mwingine.

Dawa nyingine ilikuwa karibu zaidi. Jirani na stendi palikuwa na duka la kuchapisha barua. Kurasa nane ni kazi ya alasiri mbili. Lakini mwenye duka alikuwa akinisalimia kwa jina la mtaalamu, na mimi ningeingia pale na makaratasi mkononi kuomba nichapiwe. Sikwenda. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine nzuri zaidi kuliko hiyo, sijaipata.

Nilimtumia Baba salamu kwamba umeme unasumbua. Kila nilipopiga simu kwenye duka la barabarani na shangazi akaitwa, alinipa hali ya mgonjwa kwanza, kisha, kama mtu anayeulizia habari ya hali ya hewa, "Mashine imepona?"

"Bado, shangazi."

"Mungu ataiafu."

Baba alifariki kabla fundi hajaja. Nilifika Tingi maiti imeshaoshwa.

Siku ya arobaini, baada ya hitma, kaka yangu mkubwa alifungua sanduku la bati mbele ya ndugu na kusoma kurasa nane. Kaka si mtu mbaya. Ana watoto sita na anasoma polepole, akitaka kila mtu asikie. Mikorosho ya njia ya kisimani haikutajwa kwa jina, kwa hiyo ilikuwa ndani ya yale yaliyosalia, na yaliyosalia yaligawiwa warithi. Alipomaliza alinigeukia.

"Mtaalamu wetu, wewe ndiye uliyemwandikia. Kuna lolote aliloongeza?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wetu wa wanawake, anakunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa. Hakuinua uso. Angeweza kusema, na hangesema, kwa maana mtu hajishuhudii mwenyewe mbele ya watu kuhusu mali ya marehemu. Alinisubiri mimi.

Nikiwa na ndiyo mdomoni nikaona swali linalofuata: basi kwa nini hukuliandika?

"Hakuna," nikasema. "Kilichopo ndicho hicho."

Msimu wa korosho ulipoanza shangazi alirudi kwenye nyumba yake ya zamani, iliyovuja. Alinitumia kwa kondakta wa basi kifurushi cha korosho alizobangua mwenyewe. Nilijua zimetoka wapi: zilikuwa za kuokota, chini ya miti ya watu. Nilikifungua mezani kwangu mbele ya kompyuta nikashindwa kula hata moja.

Fundi wa Mtwara alikuja juma lile. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akamwomba bosi zile disketi. Alirudisha mfumo wa zamani na programu yake kabla ya adhuhuri. Hakuuliza ni nani aliyeubadilisha. Aliponipisha kwenye kiti alisema tu, "Sasa andika, dada."

Nikafungua ukurasa wa sita. Nikaandika mstari wa Baba kama ulivyokuwa kwenye daftari. Herufi zilifanana kabisa na zilizotangulia, hakuna ambaye angeweza kuzitofautisha, na chini ya ukurasa wa nane hapakuwa na saini. Ilikuwa hati safi kama alivyoitaka. Mahakamani kwake isingefika hata mezani.

Nikampa kondakta barua ya kumpelekea kaka, nikimwomba anipigie ofisini Ijumaa baada ya sala. Wakati huo kaka alikuwa ameshapata simu ya mkononi, ila mtandao aliupata kwenye kilima kimoja cha barabarani tu.

Akapiga. Nilimweleza yote kwa mpangilio: sidii, kabati la bosi, duka la stendi, siku ya arobaini. Bosi alikuwa meza ya pili na alisikia kila neno. Kaka hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia upepo tu kwenye simu, na lori likipita.

"Soma huo mstari," akasema.

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Haya ni maneno yake," akasema. "Hilo la wanangu wasimguse. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema." Kisha akasema, "Ulitakiwa uniambie siku ile, mbele ya watu."

"Ndiyo, kaka."

"Nimekuja na shangazi hapa. Nilidhani unataka kumsalimia. Msomee mwenyewe, mimi nasimama hapa hapa nasikiliza, na kesho nitawaambia wenzangu."

Simu ikabadilishwa mkono. Nikasema shikamoo shangazi, akaitikia marahaba mwanangu, nami nikamsomea ukurasa wa sita, kuanzia shamba la bondeni mpaka njia ya kisimani, polepole, kama kaka anavyosoma. 

"Alhamdulillahi," akasema shangazi. "Kumbe mashine imepona."